Mkaa wa Bweranyange

Shuleni mwalimu wangu wa kemia alisema kaboni ya maana ni mbili tu: almasi na grafiti, ambazo atomu zake zimejipanga. Na mkaa je? "Takataka, hauna mpangilio!" Darasa likacheka. Nikanyamaza, na babu yangu kule Karagwe alikuwa mhunzi.

Leo namjibu. Bweranyange, ambako Mfalme Rumanyika alimpokea Speke mwaka 1861, hazina ya kifalme ilikuwa na hata ng'ombe wa chuma. Chuma hutoka kwenye mawe kwa nguvu ya mkaa: unatoa joto, unayanyang'anya mawe oksijeni.

Mwaka 1951 Rosalind Franklin alionyesha kuwa kaboni za namna ya mkaa, hata zikichomwa nyuzi 3000, zinagoma kuwa grafiti. Ndani mna vipande vidogo vilivyopangika, ila vimekaa shaghalabaghala. Mwaka 2023 wanasayansi wakatangaza kaboni mpya, iliyotokana na molekuli za C60: si fuwele kamili, si fujo.

Kumbe katikati kuna mengi. Babu hakujua atomu, lakini mkaa aliuchagua kwa mlio. Sikumwuliza alisikia nini. Wewe kamwulize wako, moto haujazimika.