Volti ya Kukatia

Kamera ya gari ikiungwa kwenye sanduku la fyuzi, badala ya kuchomekwa kwenye tundu la sigara, huongezewa kazi: sasa inalinda gari hata likiwa limezimwa. Hiyo ndiyo hali ya maegesho, ambayo gereji nyingi huiita pakingi modi. Neno maegesho halina mzozo. Watu wa pwani waliegesha majahazi zamani kabla ya kuegesha gari aina ya IST. Kazi iko kwenye namba inayokwenda nayo, ile unayoichagua kwenye menyu siku ya kwanza na kuisahau: 11.8, 12.0, 12.2 au 12.4. Volti za betri zikishuka hadi hapo, kifaa kinachounga kamera na fyuzi hukata umeme wa kamera ili kilichobaki kitoshe kupigia stata asubuhi.

Namba hiyo tuiiteje? Kikomo cha volti ndilo jibu la haraka, nalo lina hatari yake. Kikomo kwa msomaji wa kawaida ni mwisho wa juu: mwendo una kikomo, mzigo wa lori una kikomo, na anayekipita hutozwa faini. Akisoma "kikomo cha volti 12" anaweza kudhani kamera isipewe zaidi ya hapo, wakati injini ikiunguruma alteneta hutoa 14 hivi na hakuna kinachoharibika. Kizingiti ni afadhali kidogo, ila hakisemi kinatokea nini ukikivuka. Mimi napendelea volti ya kukatia. Kitenzi kukata kimo tayari kinywani mwa kila aliyewahi kukaa gizani akingoja umeme urudi, na kile kiambishi cha kutendea kinafanya kazi ileile kinayoifanya katika kituo cha kushukia: kinataja pale tendo linapotimia. Kinachokatiwa ni kamera, si gari; kwa hiyo kwenye maelekezo ya ufungaji ningeandika "volti ya kukatia kamera" mara ya kwanza, kisha nifupishe.

Namba zenyewe zinatokana na tabia ya betri ya risasi na asidi, ambayo msingi wake ni uleule tangu Mfaransa Gaston Planté aibuni mwaka 1859. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, 11.8 imekaribia kwisha. Pengo lote kati ya betri iliyojaa na iliyolala halifiki volti moja, ndiyo maana kosa la volti 0.3 mahali popote kwenye njia ya waya si la kupuuzwa.

Sasa tupande mlima wa Kitonga, tuelekee kwenye baridi. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa uko juu ya mita 1,500. Juni na Julai, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi, ilhali Dar es Salaam miezi hiyohiyo hukaa karibu na 18 au 19. Betri ikipoa, kemia yake huzubaa. Kwa kadirio la kawaida hupoteza karibu asilimia 1 ya uwezo kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Oili ya injini nayo huwa nzito, na stata inadai nguvu zaidi. Lakini volti ya betri iliyopumzika haibadiliki kiasi cha kuonekana, na hapo ndipo watu hupotea. Kamera husoma 12.0 ikiwa Kariakoo, Dar, na 12.0 ikiwa Uyole, Mbeya, ikadhani hali ni moja. Haijui baridi. Ile 12.0 iliyowasha gari Kariakoo bila taabu, Uyole saa kumi na moja alfajiri inaweza kuishia kwenye mlio wa tik-tik-tik.

Basi volti ya kukatia haichaguliwi kwa kutazama kamera. Huchaguliwa kwa kufikiria asubuhi yenye baridi kuliko zote pale gari linapolala. Gari lililofungwa kamera Dar kwa 11.8 likihamia Mafinga au Makete libadilishiwe namba. Mimi ningeweka 12.2, pamoja na kikomo cha saa, na hapo kikomo ni neno lililo mahali pake. Kamera nyingi zikirekodi hula ampea 0.3 hivi, hivyo betri ya NS60 yenye ampea-saa 45, ikianza ikiwa imejaa, ingeshuka hadi nusu baada ya saa 70 na ushee. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Karatasi haijui kwamba betri ina miaka minne, kwamba alamu nayo inakula humohumo, wala kwamba gari la Mbeya linatoka Soweto kwenda Mwanjelwa na kurudi, safari isiyotosha kurudisha kilicholiwa usiku.

Malalamiko yanayofika kwa fundi ni mawili na yanapingana: ama gari haliwaki, ama kamera ilizima kabla ya usiku wa manane. Kabla ya kugusa namba, tazama nyaya. Kwa kawaida ziko tatu: wa moto wa kudumu, wa moto unaokuja swichi ikiwashwa, na wa bodi. Rangi hutofautiana, hivyo amini maandishi ya B+, ACC na GND. Nyaya mbili za moto zikiungwa zote kwenye fyuzi ya moto wa kudumu, kamera haitajua kamwe kuwa gari limezimwa. Itarekodi usiku kucha kama iko barabarani, na baadhi ya vifaa havihesabu volti ya kukatia mpaka viingie hali ya maegesho. Zikiungwa zote kwenye fyuzi ya swichi, kamera itazima pale unapotoa ufunguo, na namba yoyote utakayoweka haitasaidia.

Waya wa bodi ndio msumbufu. Ukibanwa kwenye boliti yenye rangi au kutu, volti kidogo hupotea hapo, na kifaa husoma kinachokifikia, si kilichomo kwenye betri. Betri ina 12.4, kifaa kinaona 12.1, kinakata. Mwenye gari anashusha namba hadi 11.8, anaridhika. Siku fundi mwingine anapoisugua boliti ile, kipimo kinarudi kuwa cha kweli, 11.8 inakuwa 11.8 kweli, na betri inalala. Kupima ni rahisi: kamera ikiwa inafanya kazi, weka ncha moja ya mita kwenye waya wa bodi na nyingine kwenye hasi ya betri. Isome karibu na sifuri. Betri yenyewe usiipime mara tu baada ya kuzima injini, maana itakuonyesha karibu 13 isiyodumu. Ngoja saa kadhaa.

Malori yanayopita Makambako kwenda Tunduma yana hesabu nyingine. Umeme wake ni volti 24, betri mbili zimeungwa kwa mfuatano, na volti ya kukatia huwa maradufu: 24.4 badala ya 12.2. Kifaa kilichobaki kwenye 12.2 ndani ya lori hakitakata mpaka betri zife. Kibaya zaidi ni ile njia ya mkato ya kuchukua volti 12 katikati ya betri mbili. Kamera inakula betri moja tu, lakini alteneta inazichaji zote kama kitu kimoja, hivyo moja haijai na nyingine inazidishiwa. Dereva akinunua betri moja mpya itakufa kama ya kwanza. Kinachotakiwa ni kifaa kinachopokea 24 moja kwa moja, waya wa moto ukitoka kwenye chanya ya mwisho ya betri zote mbili, na fyuzi yake ikiwa karibu na betri.