Uhuru Mpaka Mtaani: Kisa cha Meya na Madiwani wa Dar es Salaam

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba tunawasimulia watoto wetu habari za Mwalimu Nyerere, za bendera iliyopandishwa usiku wa manane na za mwenge uliowashwa kileleni mwa Kilimanjaro. Habari za halmashauri hatuwasimulii. Lakini serikali ambayo mwananchi hukutana nayo kila siku, inayozoa taka, kuzibua mitaro na kusimamia soko na shule ya msingi, ni halmashauri. Historia yake nayo ni historia ya Uhuru.

Dar es Salaam ilifanywa manispaa mwaka 1949, chini ya Waingereza. Mwaka 1960, bendera ya mkoloni ikiwa bado inapepea, Sheikh Amri Abedi alichaguliwa kuwa meya wake wa kwanza Mwafrika. Ndiye yule mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na ndiye ambaye uwanja wa mpira wa Arusha unaitwa kwa jina lake. Desemba 1961, nchi ilipojitawala, manispaa ikawa jiji.

Miaka kumi baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikafutwa, na za miji zikafuata. Nia ilikuwa kusogeza maamuzi karibu na wananchi, lakini waliosogea ni maofisa wa Serikali Kuu. Diwani aliyepigiwa kura na majirani zake hakuwapo tena, na ofisa aliyeletwa aliwajibika kwa waliomtuma. Mijini mitaro iliziba, taka zikarundikana, na kipindupindu kikapiga hodi.

Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria. Sheria za mwaka 1982 zikarudisha na za wilaya, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe, alipohojiwa, alikiri kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika.

Mageuzi hayakuishia hapo. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na Tume iliyoongozwa na Charles Keenja ikaendesha jiji hadi mwaka 2000, zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, pamoja na halmashauri mpya ya jiji. Ubungo na Kigamboni ziliongezeka baadaye. Mwaka 2021 halmashauri hiyo ya jiji nayo ilivunjwa, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji.

Kwetu sisi tuishio Uingereza kisa hiki si kigeni. Baraza kuu la London lilifutwa mwaka 1986, wakati wa Margaret Thatcher. Wakazi waliulizwa kwa kura ya maoni mwaka 1998, na mwaka 2000 wakamchagua meya wao wa kwanza, Ken Livingstone, aliyekuwa kiongozi wa baraza lilelile lililofutwa.

Tofauti ipo. Meya wa London huchaguliwa na wakazi moja kwa moja. Nyumbani, meya huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, na mkurugenzi wa jiji au manispaa huteuliwa na Rais. Kwa hiyo kura ya udiwani katika kata ni njia ya mkazi kumfikia meya wake. Anayeidharau kura hiyo asishangae mtaro ukiziba.

Halmashauri inaweza kufutwa kwa sheria moja, kule na huku. Imerudi kila mara kwa sababu hakuna ofisi ya mbali inayoujua mtaa kuliko wanaoukanyaga. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kuishi hapa anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura katika chaguzi za mabaraza. Basi tujiandikishe, na tuwaulize watoto wetu maswali mawili: diwani wetu hapa ni nani? Na kata ya bibi yako kule nyumbani inaitwaje?

Heri ya Siku ya Uhuru.