Ramadhani, Augustino Stephen Lawrence

Augustino Ramadhani (1945–2020), mwanasheria na mwanajeshi, Jaji Mkuu wa Zanzibar na baadaye wa Tanzania, kisha Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Alizaliwa Kisima Majongoo, Unguja. Alihitimu shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1970, akaingia Jeshi la Wananchi na kupanda hadi cheo cha Brigedia Jenerali. Miaka ya 1980 aliongoza Mahakama Kuu ya Zanzibar, na mwaka 1989 akateuliwa Jaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Mahakama hiyo ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na rufani za nchi zake tatu kukosa pa kwenda. Ndiyo ngazi ya mwisho nchini. Mkulima wa Bagamoyo anayegombania urithi katika Mahakama ya Mwanzo hupita kwanza Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Akitaka kusonga mbele, lazima Mahakama Kuu imthibitishie kwa maandishi kwamba shauri lake lina hoja ya kisheria. Uchungu wa kupoteza urithi peke yake haumfikishi huko. Rufani husikilizwa kwa kawaida na majaji watatu.

Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, jaji wa rufani hupigiwa kura na wananchi. Tanzania, Rais ndiye anayeteua. Mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete alimteua Ramadhani kuwa Jaji Mkuu. Hakuwa mgeni wa mambo ya kura: tangu 1993 hadi 2003 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, kipindi cha uchaguzi wa 1995, wa kwanza tangu kurejeshwa kwa vyama vingi.

Shauri linalomweleza kuliko yote ni la mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alidai kwamba raia asilazimishwe kuingia chama ili agombee uongozi. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Serikali ikakata rufani, na safari hii waliketi majaji saba, Ramadhani akiwa mbele. Hukumu ya 17 Juni 2010 ilisema mahakama haina uwezo wa kutamka kwamba kifungu cha Katiba kinavunja Katiba hiyohiyo. Suala hilo, majaji walisema, ni la kisiasa, na wa kulimaliza ni Bunge.

Kisheria hukumu hiyo ina mantiki. Lakini Bunge waliloliachia shauri ndilo lililokuwa limemfungia Mtikila mlango kwa kubadili Katiba, na hapo ndipo hukumu inapoacha kiu.

Machi 2010, kabla ya hukumu hiyo, Tanzania ilikuwa imeweka tamko la kuruhusu raia wake kuishtaki moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika, yenye makao Arusha. Julai, mwezi mmoja baada ya hukumu, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walimchagua Ramadhani kuwa mmoja wa majaji 11 wa mahakama hiyo. Desemba, alipofikisha miaka 65, alistaafu ujaji mkuu. Mtikila akamfuata Arusha. Itifaki ya mahakama hairuhusu jaji kusikiliza kesi ya nchi yake, hivyo Ramadhani hakuketi. Tarehe 14 Juni 2013 wenzake waliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za Mtikila. Mwaka uliofuata, majaji wa mahakama hiyo walimchagua kuwa Rais wao, hadi 2016.

Wakati huohuo alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Joseph Warioba. Rasimu ya tume hiyo iliruhusu mgombea binafsi. Aliyesema mwaka 2010 kwamba jambo si la mahakama alilishughulikia pale alipoona panastahili, na hilo linamheshimisha. Lakini kura ya maoni kuhusu Katiba mpya, iliyopangwa Aprili 2015, haikufanyika.

Mwaka huo Ramadhani aliomba Chama Cha Mapinduzi (CCM) kimteue kugombea urais, hakupita. Mtikila alifariki 4 Oktoba 2015 kwa ajali ya gari Msolwa, karibu na Chalinze, wiki tatu kabla ya uchaguzi ambamo hakuna aliyeruhusiwa kugombea bila chama.

Ramadhani, aliyewekwa wakfu kuwa padri wa Kanisa Anglikana baada ya kustaafu, alifariki Dar es Salaam 28 Aprili 2020. Miezi mitano kabla, Novemba 2019, Tanzania ilikuwa imetoa taarifa ya kuliondoa tamko la 2010. Sharti la chama lilikuwa bado limo katika Katiba.