Fataki Ikae Wapi?
Na Mwanafunzi wa Zamani, Malinyi



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha jioni, mwenzetu mmoja ambaye hufanya biashara ya mpunga kati ya Malinyi na Ifakara alinivuta kando, akafunua kidogo upande wa koti lake. Nikaona kitako cha bastola. Leseni anayo, na mara nyingi husafiri na fedha za watu. Akaniuliza, "Bwana Nyama, wewe umeishi na bunduki miaka yote. Hii niitembeze risasi ikiwa chemba, au chemba iwe tupu? Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari."

Nilimwambia nitamjibu katika jarida letu, kwa kuwa swali hilo si lake peke yake, wala si jipya. Babu zetu wa bonde la Kilombero walilijadili kabla bastola yake haijabuniwa.

Tuanze na silaha yenyewe. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba huko Brussels. Pamoja na mambo ya kukomesha biashara ya watumwa, mkataba ule ulizuia bunduki za kisasa zisiingie mikononi mwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Ndiyo maana mkoloni alipokuwa na bunduki ya kupakia kwa nyuma, mzee wa kwetu alibaki na ya kushindilia kwa mbele.

Tofauti hiyo ilionekana wazi tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji. Wapogoro na Wambunga kwa maelfu waliivamia boma ya Mahenge, milimani juu ya bonde letu, ambako Kapteni von Hassel alikuwa na askari wapatao sitini, wenyeji waliokuwa upande wake, na bunduki mbili za rashasha. Si wote wa bonde hili waliopigana na Mjerumani. Mtema Kiwanga wa Wabena alisimama upande wake. Wapiganaji walikuwa na mikuki na magobore, na waliamini kwamba risasi zitageuka maji. Mwenye gobore alikuwa na mlio mmoja tu. Akishaupiga, alipaswa kumimina baruti, kutia gololi na kushindilia kwa mdeki, huku rashasha ikimimina risasi bila kupumzika. Ushujaa haukupungua, kilichopungua ni nafasi ya kupakia mara ya pili.

Jambo hilo la mlio mmoja ndilo mzizi wa mjadala wetu. Gobore likishashindiliwa, kulipakua ni kazi ngumu; njia rahisi ni kulipiga, na baruti ni mali. Kwa hiyo lilikaa limeshiba, ukutani na safarini. Kilichobaki kuamuliwa ni fataki, yaani kile kikofia kidogo cha shaba kinachovikwa juu ya chuchu ya chuma, ambacho nyundo ikikigonga hutoa cheche. Asili yake ni kazi ya mchungaji wa kanisa wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hataza ya baruti ya kugongwa mwaka 1807. Alikuwa mwindaji wa ndege, akichoshwa na gumegume. Bila fataki, gobore lililoshiba ni fimbo. Likivikwa fataki, liko tayari. Basi chuchu tupu ya babu ndiyo chemba tupu ya mwenzetu.

Wazee walikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa walinzi wa mpunga. Mtu aliyelala juu ya dungu usiku wa masika, akisikia nguruwe, kiboko au tembo shambani, hana muda wa kutafuta kitu kidogo kama punje ya hindi gizani, tena kwa vidole vyenye baridi. Babu yangu alisimulia habari za rafiki yake aliyekutana na mbogo kwenye matete, hatua chache tu mbele yake. Fataki ilikuwa ndani ya kifuko shingoni. Mbogo hakumngoja akifungue. Waliosema fataki ivikwe muda wote hawakuwa wapumbavu.

Upande wa pili niliujua mwenyewe. Mwaka 1974, nikiwa likizo ya Kidato cha Pili, tulikwenda na mjomba wangu kwa mtumbwi kutazama shamba. Gobore lake lilikuwa limelala ndani ya mtumbwi, fataki ikiwa mahali pake, nyundo imeilalia. Tulipofika ukingoni mjomba akashuka kwanza, akageuka, akalivuta gobore kwa kulishika mdomoni. Nyundo ikakwama kwenye kizuizi cha mtumbwi, ikainuka kidogo, ikarudi. Mimi nilikuwa nimeshika kasia. Tulimpakia tena mtumbwini ili tumpeleke Ifakara, lakini maji yalikuwa mengi na safari ndefu. Alifariki kabla ya jua kuzama. Hakukuwa na mnyama wala adui siku ile. Tulikuwa watu wawili wa ukoo mmoja na asubuhi nzuri.

Baadaye, Jeshi la Kujenga Taifa lilinifundisha kwamba kila silaha ina risasi mpaka uikague kwa macho na kwa kidole. Katika kazi ya wanyamapori tulitembea risasi zikiwa magazini na chemba tupu. Tuliingiza risasi chemba tulipoanza kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa, na tuliporudi barabarani tuliitoa. Hatukuwa na jibu moja la siku nzima. Saa ya hatari ilikuwa na kanuni yake, na saa ya kukaa na watu ilikuwa na yake.

Historia ya bastola nayo ni hivyo hivyo. Wenye Colt ya mwaka 1873 ya Marekani, yenye matundu sita, wengi walitia risasi tano tu na kuiacha nyundo ilalie tundu tupu, kwa sababu ikianguka ingeweza kulia. Walijifunza kama tulivyojifunza sisi kwenye mtumbwi. Bastola za leo zimeboreshwa. Glock, iliyokubaliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ina vizuizi vya ndani visivyoiruhusu ilie kwa kuanguka tu. Kwa hiyo wanaosema chemba ijae wana hoja: kukoki kunahitaji mikono miwili na muda, na jambazi hatoi hata kimoja. Lakini kizuizi cha ndani hakijui kama kilichobonyeza kifyatulio ni kidole chako, kitambaa cha koti, au mkono wa mtoto.

Basi ndugu yangu mfanyabiashara, jibu langu ni hili. Hesabu saa zako. Kwa wiki moja, ni saa ngapi unakaa na majambazi, na ni saa ngapi unakaa na mkeo, wajukuu, utingo na abiria? Askari anayefanya mazoezi ya shabaha kila mara, mwenye mkoba mgumu unaofunika kifyatulio, anaweza kutembea chemba imejaa. Wewe uliniambia mara ya mwisho kupiga risasi ilikuwa siku uliyoinunua. Iache chemba tupu. Tena, fedha za mpunga zipitishe benki. Mbogo wa kwanza wa kukwepa ni yule unayemfuata mwenyewe.

Wako watakaosema ajali haina kinga. Ile ya mjomba ilikuwa nayo: ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, nayo ingetosha kukaa mfukoni.

Nanyi vijana mlioko shuleni, mkiikuta bunduki ya mzee imeegemea ukuta, msiiguse. Mwiteni mwenyewe. Nasi tukutane salama mkutano ujao.