Viti Saba, Watu Kumi na Wanne

Watu wengi wakitaka kupanga upya sebule ndogo huanza na rangi ya ukuta. Ukambani mimi ningeanza na swali lingine: hii sebule ilitoka wapi? Kwa sababu Mkamba wa zamani hakuwa na chumba kama hicho.

Ukienda kutembelea boma la Kitui au la milima ya Mbooni wakati wa babu wa babu zetu, hukuingizwa ndani. Ulipokelewa thome. Thome ni ule uwanja wa nje ya lango, penye moto, ambapo wanaume waliketi jioni, wakaletewa chakula, wakasikiliza kesi na kuwafundisha vijana wa kiume. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Uswidi, aliueleza katika kitabu chake kinene kuhusu Wakamba kilichotoka mwaka 1920. Wazee walikalia vigoda vya miguu mitatu, vingine vimepambwa kwa waya. Nyumba zenyewe zilikuwa za mviringo, za nyasi, na kila mke alikuwa na yake. Ndani kulikuwa na mafiga, kitanda, na hata mbuzi wadogo. Hapo ndipo mama alikula na watoto.

Kwa hivyo mahali pa kukaa palikuwa pawili, na pamoja hapakuwa na paa. Wageni wakiongezeka, mnapanua duara tu, basi. Aliyekosa nafasi pale ni mwanamke, maana thome haikuwa yake.

Halafu ikaja kodi. Mwaka 1901 Waingereza walianza kutoza kodi ya nyumba, kwa rupia. Kilichohesabiwa ni nyumba, sio watu. Mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, yaani kodi mara tatu. Ukitaka kupunguza hesabu, njia ilikuwa moja: mbanane. Mwaka 1910 sheria mpya ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wazima ambao hawakuwa na nyumba ya kulipia. Kuanzia hapo, ukubwa wa paa na idadi ya watu walio chini yake havikuwa tena mambo ya familia peke yake.

Wamisionari nao walikuwa wameshafika. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, ambayo leo iko Makueni, mwaka 1895. Dini ilikuja na mke mmoja, na mke mmoja akaja na nyumba moja. Baadaye walimu, makarani na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakaanza kujenga nyumba za pembe nne, na mabati yakachukua nafasi ya nyasi. Ukuta ulionyooka unataka kitu cha kuuegemea: kiti, meza, kabati. Wanaume wakaenda Nairobi na Mombasa kutafuta mshahara, na moto wa thome ukakosa watu wa kuuwasha. Mgeni akaanza kuingizwa ndani.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sebule yetu. Ni thome iliyohamishiwa chini ya mabati pamoja na sheria zake. Mgeni anakaa mbele, wanaume wanakula kwanza, na wanawake na watoto wanabaki jikoni, kwenye kile kibanda cha nyuma chenye moshi.

Nyumba ya susu wangu, upande wa Kitui, ni hivyo hivyo. Sebule ina futi 10 kwa 12, na ndiyo pia chumba cha kulia. Baba na ndugu zake walichanga miaka mingi iliyopita wakamnunulia makochi Gikomba, yakapanda juu ya basi hadi kijijini: la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Viti saba. Desemba tukirudi wote tunakuwa kumi na wanne, bila kuhesabu watoto wa majirani.

Mwaka huu kuna ntheo. Binamu yangu anaolewa, na familia ya kijana itatoka Makueni na mbuzi wao. Kwa kuwa niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, na sasa naandika hapa na pale kwa malipo, familia iliamua mimi ndiye niko na wakati. Nikapewa kazi ya kupanga hiyo sebule. Baba mdogo alikuwa tayari na jibu: tununue seti kubwa zaidi.

Nilichukua futi kamba nikapima. Kochi la watatu lina urefu wa futi 7, la wawili futi 5, na yale ya mtu mmoja futi 3 na nusu kila moja. Upana wote ni kama futi 3. Jumla ni futi mraba 57. Ongeza meza na kabati la vyombo, unafika 72 katika chumba cha futi mraba 120. Zinazobaki 48 ni njia ya kupita. Karibu nusu ya chumba imeliwa na viti vya watu saba.

Kwa bahati nzuri, ukuta wa nyuma na wa pembeni hauna mlango hata mmoja. Nikachora benchi la mbao lililoshikamana na kuta: futi 12 nyuma, futi 8 pembeni, upana futi moja na nusu, na droo za vyombo chini yake. Linachukua futi mraba 30 na linakalisha watu kama 12. Meza ni ya kukunja, inafungwa ukutani kwa bawaba. Nje, chini ya dirisha, baraza la matofali kama lile la nyumba za pwani.

Baba mdogo alisema wageni watadhani wako kwenye foleni ya hospitali. Simcheki. Yale makochi yalikuwa njia ya wanawe susu kusema hawakupotelea mjini, na siku ya ntheo watu huangalia. Kwa hivyo kochi moja linabaki, lile la mtu mmoja, lenye kitambaa alichokishona susu mwenyewe.

Ila nilimwomba tukubaliane kuhusu nani atalikalia. Susu ana magoti mabaya, na tangu nizaliwe sijamwona akila kwenye sebule yake. Hula jikoni, kwenye kigoda kifupi, sahani mapajani. Hakuna aliyemfukuza. Ni vile tu kila mtu anajua ile nafasi ni ya nani.

Baba mdogo alinyamaza kidogo, kisha akauliza mbao zitagharimu pesa ngapi. Fundi ameshaanza kukata. Susu alipoonyeshwa mchoro aliuliza kitu kimoja tu: kochi lake litaangalia mlango, au litaangalia ukuta?