Minaki: Shule ya Kisarawe Iliyozaliwa Unguja

Shule ya Sekondari Minaki, wilayani Kisarawe, ina umri mkubwa kuliko majengo yake. Chimbuko lake ni Unguja mwaka 1864, Sultani Majid alipomkabidhi Askofu William Tozer wa misheni ya UMCA wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, baadaye alikuwa shemasi. Wanafunzi walipoongezeka walihamishiwa Kiungani, kusini ya mji, na shule ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea.

Walimu wengi walikuwa wamesoma Uingereza, ambako michezo ilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi ya mvulana. Kiungani ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika Mashariki ambapo vijana wa Kiafrika walicheza kandanda, heshima ambayo haitajwi inavyostahili. Hawa walikuwa watoto walionyang'anywa jamaa zao, kila mmoja na lugha ya kwao. Darasani na mchezoni walipata ndugu wapya, na Kiswahili kikawaunganisha. Kiungani ndiko alikotoka Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre mwaka 1890 na kuhudumu upande wa Ruvuma.

Mwaka 1925 chuo kilihamia bara, Minaki, jirani na misitu ya Pugu. Kasisi Gibbons alikiongoza kwa miaka mingi, na mkewe, Dk. Mary Gibbons, akaendesha hospitali hapo hapo na kufundisha wasaidizi wa tiba. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilifungua njia ya shule za misheni kuwa mali ya umma, na Minaki ikawa shule ya Serikali.

Siku hizi kijana wa Minaki mwenye kipaji cha michezo hupitia UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari yanayofanyika katikati ya mwaka. Mchujo huanzia shuleni, ukaenda wilayani, kisha mkoani Pwani, ambako makao makuu ni Kibaha. Waliochaguliwa huingia kambini: madarasa hugeuzwa mabweni, magodoro hutandikwa sakafuni, alfajiri ni mbio, kisha uji, kisha mazoezi chini ya walimu wa michezo. Wengi hapo ndipo wanapofundishwa kwa mara ya kwanza kwa mpango, siku baada ya siku, na kambi hizo zinastahili kugharimiwa vizuri zaidi.

Uongozi wa Minaki na wahitimu wake wangefanya jambo jema kuweka kibao kando ya uwanja wa shule, chenye jina la Kiungani na mwaka 1864.