Madabodi ya bei ndogo na bati ya Kalehe: miaka 30 ya historia moja

MINOVA, Kalehe – Kijana wa Minova anayetaka kujijengea kompyuta ya michezo kwa pesa kidogo, kisha aikimbize kuliko kasi iliyopangwa na kiwanda, hukutana haraka na swali moja: anunue madabodi gani? Prosesa na kadi ya picha ndizo hupewa sifa. Lakini madabodi, ile kadi kubwa ambayo mafundi wa Bukavu na Goma huiita kwa Kifaransa carte mère, ndiyo inayopokea umeme, kuusawazisha na kuugawia kila kitu. Kompyuta inayokimbizwa hula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Madabodi ikiwa dhaifu, hata prosesa nzuri haifiki mbali.

Swali hilo lina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita kwenye milima inayoonekana kutoka sokoni Minova.

Prosesa ya dola 149

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo cha ATX. Tangu hapo madabodi za viwanda mbalimbali ziliweza kuingia katika sanduku la aina moja. Mnunuzi akawa na uhuru wa kuchagua kadi peke yake, na viwanda, hasa vya Taiwan, vikaanza kushindania bei.

Agosti 1998 ikatoka Celeron 300A, prosesa ya dola 149. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mwendo wa basi ya madabodi, megahezi 66, ukizidishwa mara 4.5, unapata 300. Wachezaji wakagundua kwamba ukiipandisha basi hadi 100, prosesa ile ile hukimbia megahezi 450. Hiyo ilikuwa kasi ya Pentium II iliyouzwa zaidi ya dola 600. Siri ilikuwa kupata madabodi inayokubali mabadiliko hayo bila kuyumba. Kampuni ya Abit ilijipatia jina kwa kadi yake ya BH6, ambayo kasi yake ilibadilishwa kwenye skrini badala ya kuhamisha vipini kwa mkono. Kuanzia hapo ikajulikana kwamba maskini anaweza kupata mashine ya tajiri, mradi ajue kuchagua madabodi.

Mwaka wa koltani

Mwaka huo huo wa 1998 vita vya pili viliwaka Kivu, na Goma na Bukavu zikawa chini ya RCD. Ilipofika mwaka 2000, viwanda vya simu na vya mashine za michezo viliogopa kukosa tantali, metali inayotoka katika koltani. Tantali hutengeneza kapasita, yaani kifaa kidogo kinachohifadhi umeme na kuutuliza, ambacho mafundi wa hapa huita condensateur. Bei ya tantali ikaruka kutoka chini ya dola 50 kwa ratili hadi zaidi ya dola 300 mwishoni mwa mwaka huo.

Milima ya Masisi na ya Kalehe ikajaa wachimbaji. Kuna wakulima walioacha mashamba na wanafunzi walioacha shule. Novemba 2000 RCD iliunda kampuni ya SOMIGL na kuipa peke yake haki ya kuuza koltani nje. Kisha wanunuzi wa ng'ambo waligundua kwamba wamerundika akiba kupita kiasi, na biashara ya teknolojia ikaanguka. Mwishoni mwa 2001 bei ilikuwa imerudi karibu na ilikotoka. Mchimbaji alibaki na shimo, na mashamba yalikuwa yameshaota magugu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Husemwa kwamba kila kompyuta imejaa koltani. Kweli tantali imo katika simu, kompyuta za mkononi na vifaa vingine vidogo, ambamo nafasi ni finyu. Lakini madabodi ya kawaida ya mezani ina nafasi ya kutosha, kwa hiyo hutumia zaidi kapasita za aluminiamu, ambazo ni rahisi. Tantali iliingia humo kama kitu cha fahari: karibu na mwaka 2010 kampuni ya MSI ilizitangaza kadi zake za kukimbizwa kwa kusema zina kapasita za tantali kando ya prosesa.

Kapasita zilizovimba

Urahisi wa aluminiamu nao ulikuwa na gharama yake. Kuanzia mwaka 1999 hivi, kapasita nyingi zilitengenezwa kwa maji ya kemikali yasiyo na ubora. Baada ya muda mfupi zilivimba kichwani, zikapasuka na kuvuja. Madabodi zilikufa kwa wingi dunia nzima. Kampuni ya Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa kurekebisha mashine. Waliokimbiza kompyuta zao waliumia mapema zaidi, kwa sababu joto humaliza kapasita haraka. Abit, iliyokuwa kipenzi chao, nayo iliguswa na ugonjwa huo. Mwisho wa 2008 iliacha biashara.

Funzo hilo lilibadilisha soko. Viwanda vikahamia kwenye kapasita kavu, zisizo na maji ndani, na leo zimo hata katika kadi za bei ndogo. Lakini mashine za mitumba za miaka ile bado zinazunguka. Anayeuziwa moja Bukavu au Goma aangalie kwanza vichwa vya kapasita: vikiwa vimebenuka au vina kutu ya rangi ya kahawia, asitoe pesa.

Bati yachukua nafasi ya risasi

Badiliko lililogusa Kalehe zaidi halikuonekana kwa macho. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulikataza risasi katika vifaa vya umeme. Kabla ya hapo, kilo moja ya lehemu inayoshika vipande juu ya madabodi ilikuwa na gramu 630 za bati, na zilizobaki zilikuwa risasi. Lehemu mpya iliyotumiwa na wengi ina gramu 965 za bati, na kidogo cha fedha na shaba. Kwa kuwa viwanda havikutaka kutengeneza kadi za aina mbili, dunia nzima ilifuata.

Bati hutoka katika kasiterite, na kasiterite inajulikana hapa tangu ukoloni. Mwaka 1976 makampuni ya bati ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Oktoba 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na SOMINKI haikupona. Wachimbaji wa mkono wakachukua nafasi yake huko Numbi na Kalimbi, juu ya Nyabibwe. Sheria ya 2006 haikuwa sababu pekee ya bei kupanda tena, ila iliongeza njaa ya bati. Aprili 2011 tani moja ilipita dola 33,000.

Wakati huo wachimbaji wa hapa walikuwa wamekwisha kufungiwa mlango. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kililazimisha makampuni yaeleze kama bati, tantali, tungsten na dhahabu yao hutoka Kongo au nchi jirani. Septemba Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Uchimbaji uliporuhusiwa, wanunuzi wengi wakubwa hawakurudi. Ni Oktoba 2012 tu, kupitia mpango ulioungwa mkono na Uholanzi na makampuni kama Philips, ndipo Kalimbi ilianza kuuza bati kwa mifuko yenye lebo.

Ufunguo wa kasi

Wakimbizaji nao walifungiwa. Januari 2011 Intel ilitoa prosesa za Sandy Bridge ambazo ujanja wa kupandisha basi haukuzifaa tena. Kukimbiza kukahitaji prosesa yenye herufi K na madabodi yenye chipseti ya bei kubwa. AMD ilifungua mlango mwaka 2017: prosesa zake za Ryzen zilikubali kukimbizwa hata juu ya chipseti ya bei ya kati, B350, ingawa A320, ya chini zaidi, ilikataa. Mpango huo umeendelea: B650 ya 2022 inakubali, A620 haikubali.

Kwa mwenye pesa kidogo, historia hii inatoa mafunzo matatu. Kwanza soma jina la chipseti kabla ya kusoma tangazo. Pili, tazama vipande vinavyosawazisha umeme kando ya prosesa: viwe vingi, na vifunikwe kwa chuma cha kupoza joto. Tatu, usilipie taa na rangi, kwa maana haziongezi kasi. Na asiyekusudia kukimbiza mashine hana haja ya kulipia ruhusa ya kukimbiza.

Bei isiyoandikwa

Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 waliteka Rubaya, mji wa Masisi unaohesabiwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Umoja wa Mataifa ulisema kundi hilo hukusanya huko takriban dola 800,000 kwa mwezi. Minova ilitekwa tarehe 21 Januari 2025, kisha Goma, na katikati ya Februari Bukavu. Machi mgodi wa Bisie, Walikale, ulisimamisha kazi vita viliposogea, na bei ya bati ikapanda papo hapo kwenye soko la London. Ilitulia mgodi ulipofunguliwa tena Aprili.

Soko la London lilihitaji siku chache tu kuhesabu hasara ya mgodi mmoja. Familia zilizolala makanisani na mashuleni Minova, na wachimbaji wanaofukiwa na udongo mvua inaponyesha, hazimo katika hesabu hiyo. Madabodi ni rahisi kwa sababu viwanda vilijifunza kubana kila senti, katika kapasita, katika lehemu na katika jiwe lenyewe. Palipobanwa kapasita, wanunuzi waliona uvimbe, wakapiga kelele, na viwanda vikarekebisha. Jiwe bado linabebwa mgongoni kushuka mlima, na anayelibeba mara nyingi hawezi kununua kadi inayotokana nalo.